Watafiti wa uzamili, njooni na mvua

Ndugu Mhariri,

Kila ikifika Agosti, kijijini kwetu upande wa Chamwino huingia wageni wenye vishikwambi. Ni wanafunzi wa uzamili. Darasa wamemaliza, andiko la utafiti limepita, barua za kibali zimeshashuka hadi kwa mtendaji wa kijiji, sasa wanatafuta kaya za kuhoji. Kwa kuwa mimi ni bwana shamba mstaafu, kazi ya kuwazungusha huniangukia. Nawapenda vijana hawa. Ugomvi wangu ni na kalenda yao.

Mwaka jana nilimpeleka mmoja kwa jirani yangu. Akauliza: "Mama, katika siku saba zilizopita kaya yako imekosa chakula mara ngapi?" Mama akacheka. Alikuwa ameegemea kilindo kilichojaa uwele hadi mdomoni. "Mwanangu, si unaona mwenyewe?" Kijana akajaza sifuri, akashukuru, tukaenda nyumba ya pili. Februari ya mwaka huohuo mama huyo aliuza mbuzi wawili apate mahindi, na wanawe walikuwa wakila ugali na mlenda mara moja tu, jioni. Tasnifu hatukuiona, kwa hiyo sijui ile sifuri iliishia wapi.

Dodoma tuna msimu mmoja wa mvua, Desemba hadi Aprili hivi. Njaa yetu huja shamba likiwa bichi, akiba imekwisha na jembe halijaleta kitu. Vyuo huanza mwaka Oktoba au Novemba, hivyo mwanafunzi akitoka darasani tayari tumeshavuna. Hata mzabibu wetu huvunwa mara mbili kwa mwaka, na hakuna mtu wa Makutupora, penye mashamba ya zabibu, atakayekuambia habari zake kwa kuutazama Agosti peke yake. Na Kongwa, wilaya jirani, tunapajua kwa somo la wageni wasiosoma misimu yetu: Waingereza walianza mradi wa karanga mwaka 1947, ardhi ya kiangazi ikawagomea kama tofali, mvua ikawapita, mwaka 1951 wakafunga virago.

Anayesoma uzamili kwa utafiti pekee, au uzamivu, ana nafasi ya kukaa nasi msimu mzima, na huyo sioni kisingizio chake. Wa darasa na tasnifu muda wake ni mfupi, nakubali. Lakini aje mara mbili basi, Agosti na Februari, kaya zilezile, hata kama ni kumi badala ya mia. Wasimamizi wakiiruhusu sampuli ndogo yenye misimu miwili, watapata kitu ambacho hojaji mia tatu za kiangazi haziwezi kuwapa. (Na muhtasari wa kurasa mbili kwa Kiswahili urudi kwa mtendaji. Hilo nimeshalisema sana, nimechoka.)

Najua masika yana gharama. Makorongo hujaa, pikipiki hukwama, nauli hupanda. Atakayekuja Februari abebe mabuti na asipange mahojiano asubuhi, maana mpaka saa nane mchana watu wako shambani. Akitaka kuwahoji mapema, jembe la ziada ninalo.

Bwana shamba mstaafu,
Chamwino, Dodoma