Mabadiliko: mazoezi ya Jumamosi na safari ya Sengerema

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Wakubwa shikamooni.

Mazoezi ya igizo letu ya Jumamosi yamewahishwa. Tunaanza saa 8 mchana badala ya saa 10, ukumbi uleule wa kanisa Kirumba, maana jioni kwaya wanauhitaji. Saa 8 kamili, siyo saa 8 ya harusi.

1. Nauli ya Sengerema ni sh 8,000 kila mtu, mwisho Alhamisi usiku, kwa mama mhazini. Tunapita daraja la Kigongo–Busisi, kwa hiyo kile kisingizio cha foleni ya kivuko hakipo tena.

2. Wanaoigiza wavuvi mje na nyavu kuukuu, ila zioshwe kwanza. Mlikuwepo, mnajua ukumbi ulivyonuka dagaa mpaka Jumapili.

3. Baba wa mwana mpotevu, kaka yangu, maneno umeyashika vizuri. Lakini ukimkumbatia yule kijana unakuwa kama unampokea mgeni wa serikali. Mkimbilie, kanzu ikuangushe ikibidi!

Naomba kila mmoja aandike hapa NIPO au SIPO kabla ya kesho saa 2 usiku, nijue tunakodi Kosta au Haisi inatosha.