Soma Upande wa Mama

Nairobi,
Jumatatu usiku

Kwako Karisa,

Msalimie shemeji na watoto. Mimi mzima, ila mvua imetufungia Barabara ya Ngong wiki nzima. Nikifika nyumbani ni kula na kulala, ndiyo maana nimekawia kukujibu.

Katalogi ya mnada wa farasi wa mbio wa Afrika Kusini nimeipitia. Yule mwanafarasi uliyemtia alama umempendea jina la baba, sivyo? Bwana, dume kama lile hupanda majike zaidi ya mia kwa msimu mmoja. Watoto wake ni kama matatu za Rongai: wako tele, na si wote wanaofika. Ndiyo maana wenye kazi hii hawawahesabu watoto wa baba mmoja kuwa ndugu. Ndugu ni waliochangia mama.

Basi shuka chini ya ukurasa: mama, kisha bibi, kisha mama wa bibi. Jina la herufi kubwa nzito ni la aliyeshinda mbio za hadhi. La herufi nzito ndogo ni la aliyeambulia nafasi tu nyuma ya mshindi katika mbio hizo. Sasa mtazame wako. Mama yake amezaa wanne, mmoja tu ameshinda, tena mbio za kawaida. Wino mzito wote uko kwa mama wa bibi! Ni kama kuposa binti kwa sababu babu wa babu yake alikuwa chifu. Na kumbuka katalogi huandikwa kwa niaba ya muuzaji. Haidanganyi, hunyamaza.

Udogo wake haunisumbui. Kwao farasi wote huongezewa mwaka tarehe 1 Agosti, naye alizaliwa mwisho wa Novemba, kwa hiyo anahesabiwa rika moja na wenzake waliomzidi miezi mitatu.

Hata ukoo mzuri nao una mwisho. Mwaka 1983 huko Kentucky, Marekani, farasi Snaafi Dancer, mtoto wa Northern Dancer, dume aliyesifika kwa kuzaa washindi, alinunuliwa kwa dola milioni 10.2. Hakukimbia hata siku moja, na alipopelekwa kwa majike, uzazi ukawa haba. Lakini farasi mwingine, Seattle Slew, alinunuliwa mwaka 1975 kwa dola 17,500, mguu umegeukia nje. Mwaka 1977 akatwaa mbio tatu kuu za Marekani akiwa hajashindwa.

Nami nina kovu langu. Yule wa kijivu tuliyemnunua watatu, ukoo wake niliukariri kama aya, lakini pesa ya eksirei ya magoti nikaionea uchungu. Alikimbia uwanja wa mbio wa Ngong mara mbili. Sasa nyasi anakula yeye, bili tunalipa sisi.

Usitume hela bado. Niulizie picha za miguu, na umpate mtu wa kumtazama akitembea, aje na aende, si akisimama. Halafu fungua ukurasa unaofuata, kuna jike wa kahawia ambaye dada zake wawili, wa mama huyohuyo, wana herufi nzito. Baba yake hana jina kubwa, kwa hiyo huenda bei isipae.

Shemeji akiuliza, wazo ni lako.

Wako,
Mutua