Shukrani za Familia kwa Mliotusaidia Kumzika Baba Pamoja

Sisi watoto, wakwe, wajukuu na ndugu wa marehemu Baba yetu tunawashukuru kwa dhati wote mliokuwa nasi tangu alipougua, alipoitwa na Bwana, hadi tulipompumzisha. Kwa wingi wenu hatuwezi kumfikia kila mmoja na kumpa mkono. Tunaomba kila anayesoma salamu hizi azipokee kana kwamba tumefika wenyewe mlangoni kwake.

Asanteni madaktari na wauguzi mliomhudumia, wachungaji na wazee wa kanisa mlioongoza ibada, wanakwaya, wenzake wa kazini, majirani mliowapa wageni wetu mahali pa kulala, na ninyi mliotuma rambirambi kutoka mbali. Asanteni mliochimba kaburi, na mliobaki mkiosha vyombo usiku wakati wengine tumekwenda kujinyoosha. Salamu za namna hii huwaweka hao mwishoni, ikiwa watatajwa kabisa. Tuliwaona, na tunataka mjue hivyo.

Ipo sehemu nyingine ya shukrani hizi ambayo pengine ingekuwa rahisi kuiruka. Wengi wenu mnajua, na asiyejua alijionea mwenyewe: msiba huu ulitukuta tumegawanyika. Kwa miaka mingi watoto wa Baba hatukuwa tukikutana sote mahali pamoja. Wapo waliokuwa hawasalimiani, na wapo wajukuu waliokuwa wanajuana kwa majina tu. Undani wake si wa kuanikwa hapa. Itoshe kusema kwamba ugomvi ulianza na mali ukaishia kwenye maneno, na maneno yakadumu kuliko hiyo mali. Baba aliliombea jambo hili mpaka siku zake za mwisho, akaondoka kabla hajaliona limekwisha. Hilo ndilo lililotuuma zaidi, maana kwa habari ya kifo chenyewe alikuwa amekula chumvi nyingi na alishajiandaa.

Maandalizi ya ibada yalituogopesha kuliko tulivyoonyesha. Nani asome wasifu, nani akae kiti cha mbele, jina la nani litangulie kwenye ratiba: aliyewahi kufiwa akiwa katika familia iliyovunjika anajua uzito wa mambo hayo madogo. Tulitegemea mchungaji atupe mahubiri ya kupatana, na wengine wetu tulikuwa tumeshajikaza kuyasikiliza. Badala yake alifungua Mwanzo 25 akatusomea habari za maziko ya Ibrahimu, aliyefariki akiwa na miaka 175. Waliomzika katika pango la Makpela ni wanawe Isaka na Ishmaeli. Isaka ndiye aliyebaki nyumbani. Ishmaeli ndiye aliyeondolewa pamoja na mama yake akiwa bado kijana. Maandiko hayasemi kama walikumbatiana, wala nani alimwomba radhi nani. Yanasema walimzika baba yao, basi. Miaka mingi baadaye Esau na Yakobo, ndugu waliokuwa wamekosana, nao walimzika baba yao Isaka, aliyeishi miaka 180, lakini hao walikuwa wameshakutana njiani na kulia pamoja. Kuhusu Isaka na Ishmaeli hatuna machozi yoyote ya kusimulia.

Neno hilo lilitufungua. Tulikuwa tukidhani kuna njia mbili tu, tupatane upesi kabla ya maziko au tujifanye tumepatana mbele za watu. Kumbe watoto wanaweza kusimama kwenye kaburi moja mengi yakiwa bado hayajasemwa, na Mungu wa baba yao asiwe amewaacha. Agano lilipitia kwa Isaka, lakini hata juu ya Ishmaeli Mungu alimwambia Ibrahimu kwamba amemsikia na atambariki. Uaminifu wake haukungoja ndugu hao wawe kitu kimoja ndipo uwafikie.

Baba mwenyewe alikuwa na mistari aliyoirudia kila alipoulizwa hali: "Ni huruma za Bwana kwamba hatuangamii, kwa kuwa rehema zake hazikomi. Ni mpya kila siku asubuhi. Uaminifu wako ni mkuu." Ni Maombolezo 3:22-23, maneno ambayo watu hupenda kuyaimba siku za furaha. Lakini yaliandikwa Yerusalemu ikiwa magofu, baada ya Wababeli kuubomoa mji na kuliteketeza hekalu mwaka 586 K.K., na kuwachukua watu mateka. Tena hayako mwishoni mwa kitabu. Yamewekwa katikati. Ukiendelea kusoma, sura ya 4 inarudi kwenye kilio, na sura ya 5 inafika tamati mwandishi akiwa bado na hofu kwamba huenda Mungu amewakataa kabisa. Sisi tumepata faraja kubwa katika mpangilio huo. Mtu anaweza kusema uaminifu wa Mungu ni mkuu, kisha akaendelea kulia, na asiwe amedanganya popote.

Kwa hiyo shukrani za pekee ziwaendee mliotuacha tulie. Wapo watu ambao wakisema "Mungu ni mwaminifu" huwa wanamnyamazisha aliyeumizwa, ili anayesamehe haraka aonekane mcha Mungu na anayechelewa aonekane mkaidi. Ninyi hamkufanya hivyo. Mlikaa nasi.

Asante Shangazi. Ulikataa kuwa wa upande wowote, na kwa kukataa huko ulipoteza ukaribu wa pande zote mbili kwa kipindi kirefu. Hukulalamika, na simu zako hazikukoma, hata zile ambazo hatukuzipokea. Asanteni marafiki mliokuwa mkitembelea huku na kule bila kuficha, na mliposikia maneno ya upande huu kuhusu upande ule mkayaacha yafie kwenu. Asanteni pia mliotuombea bila kuuliza kulitokea nini. Maombi ya namna hiyo ni adimu. Wengi wetu tunataka kwanza tuijue habari yote ndipo tupige magoti.

Mtauliza hali ikoje sasa. Siku ya maziko tulisimama wote kaburini, na kila mmoja alitia udongo. Wawili kati yetu walishikana mikono kwa mara ya kwanza tangu ugomvi ulipoanza. Wengine hawakusemezana. Baada ya hapo yameanza mazungumzo, si ya wote wala si ya kila jambo. Suala la mali tumelisogeza mbele kwa makubaliano, mpaka tutakapoweza kulizungumza bila kupandishiana sauti. Yupo mmoja wetu ambaye hayuko tayari, na ana sababu zake. Tunamheshimu. Tunawaomba sana mtu yeyote asimwendee kumsukuma kwa ajili ya salamu hizi. Anayempenda amwombee na kumjulia hali, inatosha. Paulo alimwandikia Timotheo kwamba sisi tusipoamini, Mungu hudumu wa kuaminiwa, kwa maana hawezi kujikana mwenyewe. Tunamtegemea huyo kwa ajili ya ndugu yetu, na kwa ajili yetu sisi tunaodhani tuko tayari.

Ibada ya shukrani itafanyika nyumbani kwa marehemu, na tarehe yake itatangazwa kanisani. Watoto wote wamealikwa, na hakutakuwa na viti vyenye majina. Yeyote aliyekuwa akimdai Baba, au akidaiwa naye, tunaomba awaone wasemaji wa familia. Wako wawili, mmoja kutoka kila upande, na tumekubaliana kwamba ukizungumza na mmoja umezungumza na wote.