Daluga zisikaushwe kando ya sigiri

Mhariri,

Naomba nafasi niwakumbushe wazazi wenzangu jambo linalotugharimu bure. Udongo wetu mwekundu hapa Wakiso hupenya kwenye mishono ya daluga (viatu vya kandanda), na ukiachwa usiku kucha huganda kiasi kwamba kuubandua ni kuichubua ngozi. Kwa hiyo mtoto akirudi uwanjani agonganishe soli, atoe kamba na soli za ndani, kisha asugue kwa mswaki mkuukuu na maji ya uvuguvugu yenye sabuni kidogo, bila kuziloweka kwenye beseni.

Kinachoniudhi zaidi ni kuziona zimeanikwa juani au kando ya sigiri, kwani joto hulegeza gundi, soli ikaachama, na ngozi ikakakamaa na kupasuka. Zijazwe magazeti makavu (hata hili, likishasomwa), yabadilishwe yakilowa, nazo zikae kivulini penye upepo. Za ngozi halisi zipakwe mafuta ya ngozi zikishakauka.

Wanaonunua za mitumba pale soko la Owino, Kampala, waikunje soli na kuikagua kabla ya kulipa, maana gundi iliyokwisha kuachia haitengenezwi kwa usafi bali kwa fundi.

Mzazi,
Wakiso