Zuhura, kabla hujaenda Juba

Morogoro, Jumapili usiku

Mwanangu Zuhura,

Salamu nyingi. Nakuandikia maana juzi mezani tulipandishiana sauti mpaka mama yako akaanza kuondoa sahani watu hawajamaliza kula, na kesho yake ukarudi Dar bila kuniaga vizuri. Alhamisi unaondoka. Sitaki uondoke na yale maneno kwamba umeacha kazi ya uhakika kwa kukimbilia dola. Si maneno ya kumwambia mtoto mbele ya shemeji yake. Ila hofu iliyonifanya niyatamke iko palepale.

Mama yako anadhani naogopa vita vya huko. Vita nimeviona. Ninachoogopa ni kalamu. Naogopa ile alfajiri watakayokuwekea kitabu cha ndege mbele yako wewe fundi wake, rubani ameshakaa kwenye kiti, mzigo umeshafungwa kamba, halafu mtu atakwambia, "Saini tu dada, tumeshaangalia." Usisaini, Zuhura. Kitu ambacho hukukiona kwa macho yako na kukigusa kwa mkono wako, usikisaini.

Ile Antonov 12 iliyoanguka Juba tarehe 4 Novemba 2015 ilikuwa ndiyo kwanza imeacha ardhi. Haikufika mbali, ikaangukia kando ya Nile, watu zaidi ya thelathini wakafa. Wewe ulikuwa chuoni wakati huo, ukanipigia simu kuniuliza mimi naonaje. Nikakujibu kwamba sijui, nikabadilisha mazungumzo. Nilikuwa na la kusema, Zuhura, nikashindwa.

Habari za Kagera unazijua tangu hujaanza shule. Mwanza, Tupolev ya Gaddafi iliyotumwa kupiga mabomu ikaishia kuua swala wa kisiwa cha Saanane, majeruhi waliolala wamepangwa chini hadi kwenye mlango wa mkia; sizirudii. Nikwambie habari ya oili, maana hiyo nimekuwa nikiipitia juujuu kila unaponiuliza kuhusu Caribou, ile ndege ya jeshi niliyokuwa fundi wake.

Injini ya Caribou ina silinda 14, zimepangwa duara kwa safu mbili, na kila silinda ina plagi mbili. Yaani plagi 28 kwa injini moja, 56 kwa ndege nzima, na zote nimezifungua na kuzifunga kwa mwanga wa tochi niliyoishika kwa meno. Sasa injini ya namna hiyo ikilala usiku kucha, oili huteremka polepole ikajikusanya kwenye silinda za chini. Na oili haibonyei. Ukiwasha kwa starta wakati silinda imejaa, pistoni inapanda, inakutana na kitu kisichotaka kusogea, na mkono wake unapinda. Ubaya ni kwamba unaweza kupinda kidogo tu. Injini ikawaka, ikanguruma vizuri, ukazipima magneto zote mbili, zile za kutoa cheche, ukaridhika, kumbe mkono umeshajeruhiwa na utavunjika mko juu ya miti.

Ndiyo maana kila alfajiri, kabla ya kuwasha, tulizungusha propela kwa mikono. Watu wawili kwenye panga, tunahesabu kwa sauti, panga la kwanza, la pili, la tatu. Likigoma huruhusiwi kulilazimisha, wala kulirudisha nyuma, maana hapo unaisukumia oili kwenye bomba la kuingizia hewa nayo itarudi kukungoja. Unafungua plagi za chini, unakinga kopo la Blue Band, unaiacha itoke yenyewe. Inatoka nyeusi, nzito, kama asali iliyoungua, na harufu yake haitoki mkononi hata uoge kwa sabuni ya kufulia.

Sajini aliyenifundisha alikuwa amefundishwa na Wakanada, wale waliotusaidia kuanzisha jeshi letu la anga kuanzia 1965 hadi mwanzoni mwa 1970. Alikuwa na desturi moja. Ukienda mezani kuchukua kalamu, anakushika mkono na kuunusa. Akikuta vidole havinuki oili, anakurudisha kwenye ndege. Hakutukana, hakupiga kelele. Alikunusa tu vidole na kuonyesha kule injini iliko. Wakati ule nilikuwa na miaka ishirini na mbili, nikaona ananidhalilisha.

Siku hizi najua mambo yamebadilika. Fokker zako ni tabaini, injini za kuzungushwa na gesi ya moto, hazina silinda za kujaa oili, na wewe una kompyuta na leseni inayotambulika hata nje ya nchi, kitu ambacho mimi sikuwahi kuwa nacho. Ujuzi wangu wote ulibaki ndani ya geti la kambi. Hata Buffalo, zile ndege zetu nyingine za jeshi, zilikuwa za tabaini. Lakini saini ni ileile. Jina lako likiwa pale, watu walioko nyuma ya rubani wamekaa juu ya neno lako.

Na wewe, mwanangu, ni mwepesi wa kuamini. Nakwambia kwa uchungu, si kwa kukusimanga. Ulimdhamini rafiki yako mkopo wa kikundi kwa sababu alikwambia biashara inatembea. Hukwenda kuliona duka. Ukaja kulipa wewe, miezi kumi na minne, na friji yako ikaenda. Pesa hurudi, na friji nyingine umenunua. Ndege haina marejesho.

Kila mwaka baada ya mavuno unaniuliza kwa nini yule mzee wa Msamvu anapelekewa gunia la kwanza la mchele, kabla hata ya shangazi zako. Nakujibu kwamba tulikuwa kambi moja. Ni kweli, tulikuwa kambi moja. Asubuhi fulani, kwenye kiwanja ambacho hakina haja ya kutajwa, yeye alikuwa injini ya kulia na mimi ya kushoto. Ilikuwa zamu yangu ya pili mfululizo, sijalala. Nikasikia anaita, "Tayari!" Nikaenda mezani, nikasaini zote mbili. Sajini wangu alikuwa ameshahamishwa, hakukuwa na wa kuninusa vidole. Injini ya kulia ilizima dakika chache baada ya ndege kuruka. Rubani aliigeuza kwa upana, polepole, akiilinda isilale upande uliokufa, akairudisha na injini moja. Majeruhi wote walishuka wazima, wengine hata hawakujua kilichotokea. Mwenzangu akasema ile "tayari" ilikuwa ya ngazi, alikuwa ameondoa ngazi, propela alikuwa anasubiri mtu wa pili aje wazungushe. Mtu wa pili nilikuwa mimi. Nilipoulizwa nikasema aliniambia tayari. Na aliniambia kweli. Neno hilo lilitosha. Yeye hakugusa tena ndege, akamalizia utumishi wake stoo ya matairi ya malori. Mimi nikapanda cheo mwaka uliofuata.

Hajawahi kunidai kitu. Hupokea mchele, akaniuliza huku kwetu mvua imekuwaje.

Basi. Ukifika kule, chandarua tumia hata kama chumba kina kiyoyozi. Malaria ya mgeni haina simile. Dola usiziweke chumbani. Viwanja vyao vingi ni vya udongo, na ule mfinyanzi mweusi wakati wa mvua hushika tairi kama ulimbo, na wakati wa kiangazi kokoto huruka hadi kwenye mapanga. Kila ndege ikirudi pitisha ukucha kwenye ukingo wa panga, taratibu, kutoka kwenye shina hadi ncha. Jicho hudanganywa na kivuli, ukucha huikamata hata chembe. Ukikuta tundu usiambiwe litasubiri Jumatatu. Na wakibeba samaki au ng'ombe, dai sakafu ifunguliwe ioshwe chini yake. Sisi tuliosha damu kwa juu tu mara nyingi, kwa haraka ya kuruka tena, na baada ya muda bati la chini likaanza kuliwa kimyakimya.

Watu walipozicheka zile ndege Q400 za Serikali mwaka 2016 kwamba ni pangaboi, niliumia moyo kama vile wamenitukana mimi. Zilitoka Downsview, Toronto, kulekule zilikotengenezwa Caribou na Buffalo zetu. Pangaboi inatua mahali ambapo jeti haithubutu. Mwanangu anazifungua na kuzifunga pangaboi kwa mikono yake, na mtu akinicheka barabarani namwambia hivyo. Nakala ya leseni yako uliyonitumia nimeifunga kwenye plastiki, iko pamoja na hati ya shamba. Sikukwambia. Niliona aibu kwa sababu siku uliyoniambia unataka kusomea ufundi wa ndege nilisema si kazi ya mwanamke, na mama yako ndiye aliyeuza mbuzi wake ukalipiwa fomu.

Bati la jikoni bado linavuja pale juu ya sufuria kubwa. Fundi ametaka laki na nusu, nimemwambia asubiri, usitume hela, nitapanda mwenyewe. Presha ya mama yako imeshuka, dawa anameza akikumbushwa. Ada ya Hamisi imebaki nusu, mjomba wake kaahidi. Umeme unakwisha upesi siku hizi, nadhani lile jokofu la juisi la mama yako ndilo linalokula.

Ndani ya begi dogo aliloleta Hamisi kuna soksi ya kijivu. Humo nimeweka kile kioo changu cha mkono mrefu, cha kuangalia nyuma ya injini. Kimechakaa pembeni lakini katikati kinaonyesha vizuri. Najua kazini mna kamera ndogo za kuingiza ndani. Beba tu.

Mchele wa Msamvu mwaka huu sijaupeleka. Nimeuweka magunia mawili nyuma ya mlango na kila siku napata sababu. Kama Jumatano una nafasi, panda treni ya SGR ya asubuhi, safari yenyewe haichukui hata saa mbili, nitakungojea stesheni na bajaji. Twende wote kwa mzee. Kuna jambo nataka kumwambia wewe ukiwepo, na peke yangu nimeshindwa miaka yote hii. Jioni utarudi Dar kufunga mizigo yako.

Nijibu kwa simu ya mama yako, yangu haishiki chaji.

Ni mimi baba yako