Barua kwa shoga angu mwalimu, kuhusu safari ya tone

Shoga angu, habari za Dodoma? Huku Mwanza tuko wazima, watoto hawajambo, ila nimechelewa kukujibu kwa sababu wiki mbili hizi nilikuwa nimezama kwenye mzunguko wa maji na darasa langu la nne, na wewe ndo wa kwanza ninayetaka kumsimulia maana uliniuliza kwenye ile voisi yako utafanyaje na watoto themanini na kitu halafu huna maabara wala nini.

Mi nilianza kama siku zote, chati ukutani, mishale ya bluu, mvukizo, mawingu, mvua, wakakariri vizuri kabisa. Sasa kuna mtoto mmoja, baba yake mvuvi, akanyoosha mkono akasema mwalimu, maji yanakuwa mvuke yakichemka, mbona ziwa halichemki? Darasa zima kimya. Nikajua hapo hawa watoto wameshika maneno tu, kitu chenyewe bado. Nikamuuliza nyumbani mkifua nguo mnazianika, je zinachemka kwenye kamba? Akafikiria weee. Basi nikafunga daftari, nikawatoa nje.

Nilikuwa na watoto 84, nikawagawa vikundi 12, saba saba. Vikundi vingine niliwapa chaki wakazungushia dimbwi la maji niliyomwaga kwenye saruji, kila baada ya nusu saa wanachora mstari mpya pale maji yalipofikia. Wanabishana hadi raha. Wengine walifunga tawi la mwembe kwa nailoni, ile ang'avu ya kufunikia madaftari (si unajua mifuko ya plastiki hatuna tangu 2019), mchana ndani kukawa na matone, wakaanza kukimbia shule nzima wanasema mwembe umetoka jasho.

Ila kilichowashika zaidi ni chupa. Siku zote wanaamini chupa ya friji inavuja, ndo maana inalowa kwa nje. Nikaleta chupa ya juisi ya rozela, nyekundu kabisa, ya baridi sana, nikaiweka mezani nikawaambia kila kikundi kije kitazame kwa zamu. Matone yakaanza kutokea, madogo kama vichwa vya pini, halafu yanaungana, yanateleza. Nikampa binti mmoja kitambaa cheupe afute. Akafuta akakigeuza geuza, akasema mwalimu mbona sio nyekundu. Akafuta tena. Mwisho akasema taratibu, kama anajiambia mwenyewe, "haya maji yametoka hewani." Shoga, mi sikuongeza neno, nilimwambia tu awaambie wenzake, akawaambia, na nakuhakikishia walimsikiliza yeye kuliko ambavyo wangenisikiliza mimi. Ndo maana nakusisitiza vikundi, mtoto akielezwa na mwenzake kinaingia.

Lile jaribio la beseni la maji ya chumvi, kikombe kitupu katikati, juu yake nailoni na kijiwe cha kuibonyeza hapo juu ya kikombe, siku ya kwanza lilikataa. Kila dakika mtu anafunua kuchungulia, mvuke wote unaondoka. Siku ya pili nikaweka mlinzi kwa kila beseni, tukaacha juani tangu asubuhi mpaka saa nane. Kikombeni palikuwa na maji kidogo tu, kama vijiko viwili, wakaonja, hayana chumvi! Tumia maji yaliyochemshwa na vyombo visafi maana lazima wataonja, hata ukikataza.

Halafu mchezo wa safari ya tone. Nilipanga vituo saba uwanjani: ziwa, wingu, mto, mlima, udongo, mti, na mnyama. Kila kituo kina dadu ya boksi na shanga za rangi yake, kila mtoto ni tone la maji ana uzi wake, anarusha dadu inamwambia aende wapi, kabla hajaondoka anatunga shanga. Dadu ya ziwa nimeandika "baki" pande tatu, kwa hiyo watoto wakarundikana ziwani wanalalamika mwalimu mi sitoki, nikawaambia ndivyo ilivyo, tone likiingia ziwani linakaa sana. Na waliotoka, wengi walienda winguni kuliko mtoni, na hilo nililifanya makusudi, kwa sababu hawa watoto wote wanajua maji ya Nyanza, yaani Ziwa Victoria letu, yanaenda Misri kwa mto Nile pale Jinja, Uganda, lakini hawajui kwamba sehemu kubwa sana ya maji yanayotoka ziwani yanachukuliwa na jua, na sehemu kubwa ya yanayoingia ni mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe. Yule mtoto wa mvuvi ndo akasema kumbe ndo maana baba anakutana na radi usiku huko katikati. Ni kweli kabisa, usiku maji yana joto kuliko nchi kavu, upepo unatoka pande zote kuingia ziwani, hewa yenye unyevu inapanda, mawingu yanajijenga. Nilifurahi sana siku hiyo, sijui nikuelezeje.

Sasa wewe huko ziwa huna, ila usiige la kwangu. Una makorongo. Wapeleke watoto kwenye korongo kavu wakati wa kiangazi pale akina mama wanapochimba mchanga kupata maji, waulize hii mvua ilinyesha lini. Dadu yako ya ziwa igeuze iwe ya mchanga, weka "baki" nyingi, na wingu ulifanye kituo adimu kufikika mpaka ufike Desemba. Wao wanajua kusubiri mvua kuliko wangu, watakuambia mambo mengi.

Shanga zimebaki nyingi, nimezifunga pamoja na zile dadu saba, nitampa kondakta wa basi la kesho asubuhi, namba ya basi nitakutumia kwa meseji. Dadu ya mto imebonyea kona moja, ibandike selotepu. Wasalimie shemeji na watoto.

Wako,
Mama Baraka