Risala ya Klabu ya Uraia na Sheria kwa Mgeni Rasmi, Arusha

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Hakimu Mkazi. Ndugu Mwenyekiti wa Bodi ya Shule. Mkuu wa Shule. Walimu wetu walezi. Wazazi wetu wapendwa. Wanafunzi wenzangu: shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za asubuhi.

Kwa niaba ya wanachama wote wa Klabu ya Uraia na Sheria, tunakushukuru kwa kukubali mwaliko wetu. Klabu hii ilizaliwa katika Wiki ya Sheria, mahakimu walipokuja shuleni kwetu na kutujibu maswali chini ya mjakaranda huu huu, mpaka kengele ya chakula ikapita bila mtu kuinuka. Walipoondoka tulikuwa na maswali mengi kuliko waliyotukuta nayo. Ndipo mwalimu wetu wa Uraia akasema tuwe tunakutana kila Jumamosi asubuhi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, leo tunaomba tuzungumzie jambo moja tu: namna tunavyojifunza siasa na sheria kwa kutumia mitandao ya kijamii, katika shule ambayo mwanafunzi haruhusiwi kuwa na simu. Marufuku hiyo hatuipingi. Lakini likizoni sote tunashika simu za wazazi, za kaka na za dada, na humo ndimo tunamokutana na sheria kwa mara ya kwanza, mara nyingi ikiwa imepotoshwa.

Tunaomba tutoe mfano unaotuhusu wenyewe. Likizo moja ilisambaa barua yenye nembo ya Taifa, ikisema kufungua shule kumesogezwa mbele kwa wiki mbili. Aliyeifowadi kwenye kundi la WhatsApp la wazazi wa kidato chetu, kwa simu ya mama yake, ni mimi ninayesoma risala hii. Wapo wenzetu waliokosa masomo ya siku za mwanzo kwa sababu wazazi wao waliiamini. Tulipofungua nilitegemea viboko. Badala yake mwalimu aliiweka barua ile ukutani kwa projekta, akatuambia tuikague kama ushahidi. Baada ya nusu saa tuligundua kwamba tarehe yake ilikuwa Jumapili, mhuri ulikuwa umekatwa kutoka barua nyingine, na cheo cha aliyesaini kilikuwa kimekosewa.

Kisha akatufungulia Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kifungu cha 16: faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote kwa pamoja. Darasa lilinyamaza, wenzangu wakanitazama. Mwalimu akasema, someni tena, polepole, kuna neno limewapita. Neno lenyewe lilikuwa kujua. Kifungu kinamtaka mtu awe anajua kwamba habari ile ni ya uongo au ya kupotosha, na awe na kusudio la kudanganya umma au jingine kati ya yale yaliyotajwa. Hapo mabishano yakaanza ambayo hayajaisha hadi leo. Mtu asiyejali kuhakiki, je, ndiye asiyejua? Nani atathibitisha kilichokuwa moyoni mwangu? Mimi nilikuwa najitetea kwelikweli, si kwa mazoezi, na nilielewa siku hiyo kwa nini mshtakiwa anapewa nafasi ya kusema.

Tunakiri kwamba kabla ya Jumamosi ile tulikuwa tukikariri maana ya utawala wa sheria kwa Kiingereza, tunaijibu kwenye mtihani, tunapata alama zetu. Mabishano juu ya neno kujua yalikuwa ya Kiswahili kitupu, na hata wale wasiofungua mdomo kwenye kipindi walisimama kuzungumza. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021, Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama zetu. Tunaona si haki sisi tuendelee kuiogopa sheria kwa sababu ya lugha.

Tangu hapo tumekuwa na utaratibu. Simu inayotumika ni ya mwalimu mlezi peke yake, imeunganishwa na projekta katika chumba cha kompyuta. Wiki nzima wanachama wanakusanya madai ya kisheria waliyoyasikia nyumbani, kwenye daladala au kwenye klipu za TikTok walizooneshwa na ndugu zao. Jumamosi tunachagua dai moja na kulifuata mpaka kwenye kifungu chenyewe, iwe ni Katiba ya mwaka 1977, sheria iliyotungwa na Bunge, au hukumu. Hukumu tunazipata bila malipo kwenye tovuti ya TanzLII, na maneno kamili ya wabunge tunayapata kwenye Hansard katika tovuti ya Bunge. Klipu ya sekunde 40 inaweza kumfanya mbunge aonekane amesema kinyume cha alichosema. Tumeshakutana nayo zaidi ya mara moja, kwa wabunge wa vyama tofauti.

Kwa kuwa wapo wazazi wenye wasiwasi kuhusu siasa shuleni, na wana haki kuwa nao, tulijiwekea masharti. Klipu ya mwanasiasa mmoja haioneshwi bila kuonesha na anayempinga. Kesi iliyo mbele ya mahakama haijadiliwi, mpaka itolewe hukumu. Na picha au jina la mwanafunzi haliendi mtandaoni, kwa sababu tumeisoma Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 na tunataka kuiishi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, somo lililotugusa kuliko yote lilikuwa la Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Dai lililoletwa lilikuwa kwamba msichana wa miaka 15 anaweza kuolewa kisheria mzazi akikubali. Wengi wetu tulisema ni uongo wa mtandaoni. Tulipofungua vifungu vya 13 na 17, tukakuta ndivyo vilivyoandikwa. Wasichana wa klabu tulikaa kimya, kwa kuwa baadhi yetu tuna umri huo. Tukafuatilia zaidi, tukakuta kesi aliyofungua Rebeca Gyumi, mwanaharakati wa haki za wasichana. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilisema vifungu hivyo vinakwenda kinyume cha Katiba, ikaipa Serikali mwaka mmoja kuvirekebisha. Serikali ikakata rufaa, na tarehe 23 Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa rufaa hiyo. Tuliandika muhtasari kwa Kiswahili, mwenzetu mmoja akausoma kwa dakika tatu, na mwalimu akaituma sauti hiyo kwenye kundi la wazazi.

Mzazi mmoja kutoka Ngaramtoni alijibu kwa sauti, akauliza: "Wanangu, hiyo ni ya kweli, au ni ya mtandaoni?" Tulimtumia majina ya wahusika wa kesi na tarehe za hukumu zote mbili, na njia ya kuzisoma mwenyewe. Baadaye akatuambia amezipeleka kwenye kikao cha ukoo. Kilichoamuliwa huko si chetu kukisema hapa.

Na tunaishi Arusha, mji ambao mahakama zimekuja kwetu. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iko hapa, na Mahakama ya Afrika Mashariki iko hapa. Wazazi wetu wanakumbuka magari meupe ya mahakama ya Umoja wa Mataifa ya mauaji ya kimbari ya Rwanda ya mwaka 1994 yakipita Clock Tower. Sisi tulidhani ile ilikuwa kesi ya mapanga tu. Kumbe katika jengo la AICC, kituo cha mikutano cha kimataifa hapa Arusha, tarehe 3 Desemba 2003, walitiwa hatiani pia watu wa RTLM, redio ya Rwanda, na mhariri wa Kangura, gazeti la huko huko, kwa sababu ya maneno waliyoyasambaza. Mwaka 2007 rufaa ilipunguza adhabu zao na kufuta baadhi ya makosa, na hilo nalo tulilijadili kwa muda mrefu: maneno ya siku gani yalichochea mauaji, na yapi yalikuwa chuki bila kuthibitika kuwa uchochezi wa moja kwa moja. Tulipotoka Jumamosi hiyo, hakuna aliyezungumza njiani. Wakati wa mauaji yale hakukuwa na WhatsApp.

Kuhusu changamoto, hatutakuchosha. Intaneti yetu ni bando la mwalimu mlezi, analolilipa mfukoni mwake, na hilo linatuuma. Kompyuta zinazofanya kazi hazitoshi. Hukumu nyingi za Mahakama Kuu bado zimeandikwa kwa Kiingereza cha kitaalamu, na tukikwama hatuna wa kumuuliza. Mwalimu wetu ni wa Uraia, hakusomea sheria, na mara mbili tumegundua baadaye kwamba tulichowatumia wazazi hakikuwa sahihi. Tuliomba radhi kwenye kundi lile lile na kusahihisha.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu. Kwanza, wewe au afisa utakayemteua atupe saa moja kwa mwezi, hata kwa njia ya simu ya mwalimu, atusikilize kabla hatujatuma chochote kwa wazazi. Pili, utusaidie kupata kibali cha kuja mahakamani kusikiliza kesi zinazosikilizwa wazi, tukiwa na sare zetu na mwalimu wetu. Tatu, kupitia kwako tunawaomba wadau waliopo hapa watuchangie bando la intaneti la klabu, ili mwalimu wetu apumzike.

Mheshimiwa, wanachama wa kidato cha nne walio mbele yako, wengi wana miaka 17. Mwakani watakuwa na haki ya kupiga kura kwa mujibu wa Ibara ya 5 ya Katiba. Wamekuandalia swali, nalo ni lile lile la neno kujua. Tunakuomba, ukisimama kuzungumza, utuanzie hapo.

Naomba kuwasilisha.

Katibu, kwa niaba ya wanachama wa Klabu ya Uraia na Sheria.